Ulimi wa mgombea: tucheke lipi, tuhesabu lipi?



Wahenga walituachia usemi kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa kidole hupaka dawa, hufunga kitambaa, na kesho yake huendelea na safari. Aliyejikwaa ulimi hana dawa ya kupaka wala kitambaa cha kufunga, maana neno likishatoka limetoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Juma hili nataka tuuchukue usemi huo tuupeleke jukwaani, mahali ambapo ulimi hufanya kazi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Nina maana ya kampeni za uchaguzi.

Tukubaliane kwanza kwamba mgombea ni binadamu. Anahutubia mara tano, mara sita kwa siku, juani na vumbini, koo limekauka, usiku uliopita hakulala. Kuteleza ni lazima. Swali langu ni lile linalofuata baada ya kuteleza. Je, sisi tunaosikiliza, na hasa sisi tunaoshika vinasa sauti, tunajua kutofautisha kati ya neno la kuchekwa na neno la kuhesabiwa? Historia ina mengi ya kutufundisha juu ya jambo hilo, nami naomba nianze mbali kidogo.

Mwaka 1884 Wamarekani walikuwa wanamchagua rais wao. Chama cha Republican kilimsimamisha James Blaine, mwanasiasa aliyesifika kwa ufasaha wa kuzungumza. Chama cha Democratic kilimsimamisha Grover Cleveland, gavana wa New York. Tarehe 29 Oktoba, siku chache tu kabla ya kupiga kura, Blaine alikutana na wachungaji wa Kiprotestanti mjini New York. Mchungaji mmoja, Samuel Burchard, alisimama kumkaribisha na kumuunga mkono. Katika kusema kwake akakiita chama cha wapinzani kuwa ni chama cha pombe, cha dini ya Roma na cha uasi. Uasi alioukusudia ni ile vita ya majimbo ya Kusini iliyokwisha mwaka 1865. Dini ya Roma ni Ukatoliki.

Sasa hebu fikiria. Mji wa New York ulikuwa umejaa Wakatoliki kutoka Ireland, na Blaine, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa Mkatoliki, alikuwa anazitafuta kura zao kwa udi na uvumba. Alisimama pale pale, na wala hakumkosoa mchungaji. Huenda alichoka, huenda mawazo yake yalikuwa kwingine. Lakini wapinzani walikuwa na mtu wao ndani ya mkutano, anayeandika kila neno kwa hati mkato. Haukupita muda, maneno yale yakachapwa kwenye vikaratasi, na siku ya Jumapili vikaratasi hivyo vikagawiwa waumini milangoni mwa makanisa ya Kikatoliki.

Cleveland alishinda jimbo la New York kwa tofauti ya kura elfu moja na ushei tu, kati ya kura zaidi ya milioni 1 zilizopigwa jimboni humo. Na aliyepata New York ndiye aliyepata urais. Wapo wanahistoria wanaosema tusimtwishe mchungaji mzigo wote, kwani mwaka ule biashara ilikuwa mbaya, na chama kidogo kilichopinga pombe nacho kilimpunguzia Blaine kura. Hiyo ni kweli. Lakini tofauti ikiwa kura elfu moja, kila kosa linatosha kuwa ndilo lililomwangusha mtu.

Jambo la kujifunza hapo ni kwamba ulimi uliomponza Blaine haukuwa wake. Ulikuwa wa rafiki yake. Na adui zake hawakumhukumu kwa alichosema. Walimhukumu kwa kunyamaza.

Wewe msikilizaji wa Tanzania huhitaji kwenda New York kuliona hilo. Tarehe 23 Agosti 2015, Chama Cha Mapinduzi kilizindua kampeni zake katika viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam. Mgombea alikuwa John Magufuli. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipanda jukwaani kumnadi. Hoja aliyoikusudia ilieleweka: wapinzani walikuwa wakisema wanataka kuikomboa nchi, naye akataka kuwakumbusha kwamba nchi ilikwisha kukombolewa zamani na TANU na Afro-Shirazi. Lakini katika kuisema hoja hiyo akawaita wanaozungumza hivyo kuwa ni wapumbavu na malofa.

Naam, malofa. Ndugu zangu, neno hilo lina uzito wake mitaani kwetu. Lofa ni mtu asiye na kazi, asiye na senti mfukoni, anayeshinda kijiweni. Mtu wa aina hiyo naye ana kura moja, sawasawa na ya waziri. Hoja ya ukombozi ikasahaulika jioni ile ile. Lililobaki ni neno moja, likazunguka kwenye simu, kwenye daladala na kwenye mikutano ya wapinzani, ambao hawakuhitaji tena kutunga kaulimbiu. Magufuli alishinda kwa asilimia 58, na hiyo ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote ambazo mgombea urais wa CCM alikuwa amepata tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya neno hilo, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa na mengi. Nasema tu kwamba hotuba nzima ya mtu aliyeongoza nchi kwa miaka 10 ilifunikwa na maneno mawili.

Sasa tutazame mgombea anayejikwaa kwa ulimi wake mwenyewe. Tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford wa Marekani alikuwa katika mdahalo wa televisheni na mpinzani wake, Jimmy Carter. Mada ilikuwa mambo ya nchi za nje, uwanja ambao rais aliye madarakani alitarajiwa kumpita mpinzani wake. Mwandishi wa gazeti la New York Times, Max Frankel, akamuuliza juu ya uhusiano na Urusi ya Kisovieti. Ford akajibu kwamba Warusi hawaitawali Ulaya ya Mashariki, na kwamba chini ya serikali yake hawatoitawala kamwe.

Frankel alishangaa. Kila mwanafunzi alijua kwamba majeshi ya Kisovieti yalikuwa Poland na Ujerumani ya Mashariki, yaliingia Hungary mwaka 1956 na Czechoslovakia mwaka 1968. Mwandishi yule, kwa uungwana, akamrudishia rais swali ili apate kujisahihisha. Badala ya kujisahihisha, Ford akaongeza. Akasema haamini kwamba watu wa Yugoslavia, Romania na Poland wanajiona wako chini ya Warusi.

Wapo waliokuja kueleza kwamba Ford alikusudia kusema Marekani haikubali utawala huo, na kwamba roho za Wapolandi hazijasalimu amri. Mwaka uliotangulia alikuwa ametia saini mapatano ya Helsinki, na wakosoaji walimlaumu kwamba ameikabidhi Ulaya ya Mashariki kwa Warusi. Kwa hiyo alikwenda mdahaloni amejiandaa kuikanusha lawama hiyo, akaikanusha kupita kiasi. Zilipita siku karibu sita kabla hajakiri waziwazi kwamba alikosea. Novemba akashindwa, kwa asilimia 48 dhidi ya 50 za Carter.

Lakini liko jambo moja katika kisa hicho linalonigusa mimi kama mtu wa redio. Watu walioulizwa maoni usiku ule ule, mara baada ya mdahalo, wengi hawakuliona kosa lile kuwa kubwa, na wako waliodhani Ford ndiye aliyefanya vizuri. Ni kesho yake, baada ya magazeti na vituo vya utangazaji kulirudia neno lile asubuhi, mchana na jioni, ndipo maoni yalipogeuka. Kosa lilikuwa la Ford. Ukubwa wa kosa ulitokana na sisi. Kwa hiyo mwandishi wa habari asijifanye kioo kinachoonyesha tu kilichopo. Anachagua. Akilirudia neno linakuwa jabali, akilipita linakuwa vumbi.

Sasa tufike kwenye aina ya tatu, ambayo si kuteleza. Hapa mtu anasema jambo akiwa amelikusudia, limeandikwa mbele yake, amelifanyia mazoezi. Tarehe 18 Agosti 1988, mjini New Orleans, George Bush, yule baba, alikuwa akipokea uteuzi wa chama chake cha Republican. Akawaambia Wamarekani watazame midomo yake: hakuna kodi mpya. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Akashinda majimbo 40 kati ya 50.

Mwaka 1990, nakisi ya bajeti ikiwa imezidi kukua na bunge likiwa mikononi mwa wapinzani, Bush alikubali mapato ya kodi yaongezwe. Wako wachumi waliosema baadaye kwamba uamuzi ule ulikuwa wa busara, na kwamba ulisaidia kuziweka sawa hesabu za nchi hiyo mnamo miaka ya 1990. Lakini katika kampeni za mwaka 1992, kwanza mwanachama mwenzake Pat Buchanan, kisha Bill Clinton, walichofanya ni kuwarudishia wananchi sauti ya Bush mwenyewe. Hawakuhitaji kumtukana. Alipata asilimia 37 ya kura, akaondoka. Hali mbaya ya uchumi ilichangia, na mgombea wa tatu, Ross Perot, alichukua karibu asilimia 19. Hata hivyo midomo ile haikusahaulika.

Je, Bush alikosea mwaka 1990 au mwaka 1988? Mimi nasema alikosea mwaka 1988, alipotoa ahadi bila kuacha hata upenyo wa sindano kwa mambo ya dunia yanayobadilika. Ahadi ni deni, na mkopaji mwenye akili hukopa kwa kadiri atakavyoweza kulipa.

Hata hivyo, si kila anayejipinga ni ndumilakuwili. Tuvuke mpaka twende kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1991 mjadala wa vyama vingi ulikuwa umepamba moto. KANU ilikuwa chama pekee kwa mujibu wa katiba tangu mwaka 1982. Mwai Kibaki, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miaka 10 na wakati huo Waziri wa Afya, aliwaambia wanamageuzi kwamba kujaribu kuiondoa KANU ni sawa na kujaribu kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Anayewajua Wakikuyu anajua mugumo ni mti gani. Ni mti mkubwa, mti wa kuheshimiwa, ambao chini yake wazee walifanya ibada.

Desemba mwaka huo huo katiba ikarekebishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Na siku ya Krismasi Kibaki mwenyewe akajiuzulu serikalini, akaanzisha Democratic Party. Kwa maneno mengine, yule yule aliyetuambia mti haukatiki akautafuta wembe wake. Wakenya walicheka, na wengine walimwita mwoga aliyesubiri wengine wavunje mlango ndipo aingie. Akagombea mwaka 1992 akawa wa tatu. Akagombea mwaka 1997 akawa wa pili. Tarehe 27 Desemba 2002, akiungwa mkono na viongozi wa upinzani walioungana, akapata asilimia 62 ya kura, na mugumo ukaanguka baada ya miaka 39 madarakani.

Hapo tunasemaje? Kibaki alijipinga, ndiyo. Lakini alijipinga hadharani, akajiuzulu uwaziri, akagharimika, akashindwa mara mbili. Mtu wa namna hiyo amebadili msimamo, na kubadili msimamo si dhambi. Zaidi ya hilo, tumpime kwa yale aliyoahidi mwaka 2002. Muungano wake uliahidi elimu ya msingi bila ada, na Januari 2003 milango ya shule ikafunguliwa, watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani. Uliahidi pia katiba mpya ndani ya siku 100. Rasimu ya kwanza ilikataliwa kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005, na katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Utaniambia wewe hizo ni siku ngapi. Basi neno la mugumo ni la kuchekwa, na neno la siku 100 ni la kuhesabiwa.

Nirudi nyumbani, maana mkosoaji wa majirani asiyejikosoa hana haya. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu kutokana na sakata la Richmond, huku akishikilia kwamba hakutenda kosa, na hakupata kushtakiwa mahakamani. Julai 2015, baada ya CCM kulikata jina lake, akahamia CHADEMA, akawa mgombea urais wa vyama vilivyojiunga katika UKAWA. Waliomtuhumu wakamnadi. Waliokuwa wakimtetea wakamtuhumu. Dk. Slaa akajiondoa. Lowassa akapata karibu asilimia 40 ya kura, na Machi 2019 akarejea CCM, akapokewa kwa mikono miwili. Alifariki Februari 2024.

Sina nia ya kumnyooshea kidole marehemu. Nawauliza waliobaki, wa pande zote mbili. Kama tuhuma zilikuwa za kweli mwaka 2007, zilifutwa na nini mwaka 2015? Na kama zilikuwa za uongo, nani aliwaomba radhi wananchi kwa kuwaaminisha uongo kwa miaka minane? Swali hilo lilistahili kuulizwa kila siku ya kampeni zile. Sisi waandishi, badala yake, tulishughulika na malofa.

Na hapa, ndugu msikilizaji, naomba nijitie kitanzini mwenyewe.

Mwaka 2005 nilikuwa mwandishi mchanga, stashahada yangu ya uandishi wa habari haijapata hata vumbi. Nilitumwa kufuatana na mgombea ubunge mmoja, jina lake na chama chake tuviache. Kinasa sauti changu kilikuwa cha kaseti, na betri nilinunua kwa fedha yangu. Katika kijiji cha kwanza mgombea yule alitaka kusema, "Nipeni kura zenu nikawatumikie." Ulimi ukateleza, akasema, "Nipeni kura zenu nikawatumie." Watu wakaangua kicheko. Yeye mwenyewe akacheka, akajisahihisha papo hapo.

Nilirudi studio nimefurahi kama niliyeokota lulu. Kipande kile kikatangazwa, kikarudiwa, watoto wakakiimba njiani. Mimi nikapongezwa.

Lakini kaseti ile ilikuwa na jambo jingine. Katika kijiji hicho cha kwanza mgombea alisema kwamba fedha za kuchimba kisima kimoja kirefu zimekwisha kutengwa, na kisima hicho ni chao. Saa mbili baadaye, katika kijiji cha ng'ambo ya bonde, alisema fedha hizo hizo, za kisima hicho hicho, ni za hicho kijiji cha pili. Akawaomba kila kaya ianze kuchanga fedha za pampu. Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nayo kwenye mkanda. Sikuitangaza, kwa sababu haikuchekesha.

Alishinda. Miaka kadhaa baadaye nilipita tena katika kile kijiji cha pili kwa shughuli nyingine. Bibi mmoja aliyekuwa anashuka bondeni na ndoo akanisimamisha. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Si wewe uliyekuja na kile kidude cha kunasa maneno?" Nikamwambia ni mimi. Akaniambia walichanga, fedha zikakaa kwa mwenyekiti, kisima hakikuja, na mpaka leo hawajui zilikokwenda. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Wenzetu wa ng'ambo waliahidiwa kisima hicho hicho. Wewe ulikuwepo kote kuwili. Mbona hukutuambia?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimu wa kampeni unapofika, naomba tuyagawe maneno ya wagombea katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kuteleza ulimi: aliyesema nikawatumie akikusudia nikawatumikie. Tucheke, kisha tumwache, maana hata sisi watangazaji hatusalimiki. Fungu la pili ni kubadili mawazo, kama yule wa mugumo na wembe. Tumwulize kimebadilika nini, na amelipa gharama gani. Akijibu kwa uwazi tumsikilize. Fungu la tatu ni kusema hivi hapa na vile ng'ambo, au kuahidi asubuhi kile unachojua huna jioni. Hilo halichekeshi, na kwa sababu halichekeshi ndilo linalopita bila kuonekana. Hilo ndilo la kuandika kwenye daftari, kwa tarehe na mahali, likangoje miaka mitano.

Wale wapinzani wa Blaine walimpeleka mkutanoni mtu mmoja mwenye penseli. Siku hizi karibu kila kijiji kina simu inayonasa sauti na picha. Ninachoomba ni kwamba baada ya kunasa kichekesho tusizime. Tuache mkanda uendelee, tufike mpaka kijiji cha ng'ambo ya bonde.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, nakutakia kazi njema.